Nani Amsimamie Msimamizi?
Katika kituo cha Family Centre, Lower Hutt, New Zealand, wataalamu wa tiba ya familia waliipindua ngazi ya mamlaka: Wamaori na Wasamoa walikuwa na vikao vyao, na wenzao Wazungu waliwajibika kwao, wanaume nao kwa wanawake. Kiwi Tamasese na Charles Waldegrave waliueleza utaratibu huo mwaka 1993. Kwetu ngazi ingali vilevile: wapo wasimamizi wa washauri wanafunzi wanaosikia kesi ya mahari au ya mama mkwe anayeishi na wanandoa, wakaiita papo hapo kuingiliwa kwa ndoa, eti ndivyo kitabu cha masomo kisemavyo. (Mshenga angecheka.) Mshauri mwanafunzi anayeijua familia ya namna hiyo hunyamaza, maana alama zake zimo mikononi mwa msimamizi. Vyuo vya ushauri nasaha, mruhusuni mwanafunzi naye amtathmini msimamizi wake, kwa maandishi.