Msasa Juu ya Kumbukumbu

Wako mafundi waaminio kwamba bunduki kuukuu haijatengenezeka mpaka mti wake ung'ae kama kioo. Hushika msasa, wakaparuza kitako toka mwanzo hata mwisho, wakapaka vanishi, kisha wakasifiwa. Sifa hiyo si haki yao. Walilolifanya si kutengeneza, bali ni kufuta.

Itazamwe bunduki ya Uingereza iitwayo Lee-Enfield, ya namna iliyokubaliwa mwaka 1907 na kutumika katika vita vya 1914–1918, Ulaya na Afrika Mashariki pia. Mti wake kwa desturi ulikuwa wa mjozi. Juu ya kitako palipigwa herufi: L kwa kitako kirefu, S kwa kifupi, na B kwa kifupi zaidi, kisichokuwa na herufi kilikuwa cha kadiri. Tofauti ya kimoja na cha pili ilikuwa nusu inchi. Basi herufi moja yaeleza urefu wa mkono wa mtu asiyejulikana jina lake. Ubavuni mwa kitako, katika bunduki za awali, kilitiwa kisahani cha shaba chenye alama za kikosi. Zimo tena chapa za wakaguzi na makovu ya safari. Msasa hauchagui, hula uchafu na ushahidi pamoja.

Wala hasara si ya habari tu. Mti ulichongwa ulingane na bamba la mwishoni mwa kitako. Ukipunguzwa, bamba hutokeza nje yake, na hapana mafuta yawezayo kurudisha unene uliokwisha kuwa vumbi.

Watetezi wa msasa wana hoja moja yenye nguvu: jeshi lenyewe lilibadili miti na kutia viraka, wala halikuona haya. Ni kweli. Lakini fundi wa jeshi aliitengeneza silaha ipate kutumika kesho yake, na kiraka chake kimekuwa sehemu ya historia yake. Fundi wa msasa aitengeneza sura ipate kutazamwa. Yule aliongeza ukurasa. Huyu achana kitabu.

Si kwamba mti uachwe uoze. Uchafu na uondolewe kwa kitambaa kilichotiwa tapentaini. Palipobonyea bila nyuzi kukatika huinuliwa kwa kitambaa kilicholowa maji na pasi ya moto, maana mvuke huvimbisha nyuzi. Ufa huungwa kwa gundi. Kisha mafuta ya kitani, yaliyotumiwa na jeshi la Uingereza lenyewe, hupakwa kidogo kidogo na kuachwa yakauke siku nyingi. Matambara yake yatandazwe nje, kwa kuwa yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Kazi hii yataka subira, na labda ndiyo sababu haina wapenzi wengi.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola iangaliayo makaburi ya vita ilikiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao. Watu walionyimwa nafasi katika daftari, huenda alama ya mikono yao imebaki katika mti walioushika. Mwenye kuing'arisha bunduki kwa kuifuta huwanyima mara ya pili.