Homa ya Njiani

Wewe na rafiki zako mlishuka toka Bukavu kwenda Uvira, mkakaa majuma 2. Sasa mnarudi. Katikati ya njia unasikia baridi, kichwa kinauma, unatapika. Mara wengine wanasema: "Ni sumu. Nani alikupa chakula jana?" Mimi naona maneno haya ni mabaya kuliko homa yenyewe. Yanavunja urafiki, tena yanakupeleka kwa mtu wa kukutapisha, wala si kwa munganga wa kupima damu.

Fikiri kwanza. Ziwa Tanganyika liko mita 773 tu juu ya bahari. Kule ni joto na mbu ni wengi. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Mtu wa juu hakuzoea malaria sana, basi ikimpata inamshika kwa nguvu. Tena mbu akikuuma leo, homa haiji leo. Inakawia siku 7 ao zaidi, mara nyingi mpaka 15. Labda mbu huyo alikuuma usiku ule wa kwanza, ulipolala bila chandarua (wageni hupenda kusema kuna joto mno), na yule aliyekukatia ugali jana hana neno.

Usinyamaze kwa kuogopa kuwachelewesha wenzako. Dereva asimame penye dispensari ya kwanza, wapime tone la damu ya kidole. Kama si malaria, watatafuta lingine. Usingoje kufika nyumbani: malaria kali inaweza kuua kwa siku 1 ao 2, zaidi sana mtoto na mama mwenye mimba. Na homa ikianza ukiisha kufika, hata juma la pili, umwambie munganga ya kuwa ulitoka Uvira.