Usalama ku ziwa: tunahesabu jile, tunasahau tiyo ya esanse

Tangu mapigano ya kandokando ya Sake yakate barabara ya Goma–Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, watu wengi walihamia ku ziwa Kivu. Wauzaji wa maharagi na ndizi, wagonjwa, wanafunzi: wote walitafuta nafasi ku boti. Kwa wenzetu wa Uvira, Baraka na Kalemie haiko jambo jipya. Kwao Tanganyika njo barabara tangu zamani. Ni vilevile kwa wakaaji wa Vitshumbi na Kyavinyonga ku ziwa Edouard, na wa Kasenyi na Tchomia ku ziwa Albert.

Kila mara ajali inapotokea, tunarudilia maneno mawili: wingi wa watu na ukosefu wa jile. Ni haki kuyasema. Mwaka 2019, kiisha boti kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa ng'ambo wakiona kwa macho. Ilikuwa imepakia kupita kiasi, na familia nyingi zilibaki na kilio.

Lakini kuko swali lingine ambalo halisikiki sana. Motere ikizimika katikati ya ziwa na upepo umeamka, boti inakuwa nini? Haiwezi tena kuelekeza pua yake kwa mawimbi. Inageuka ubavu, maji yanaingia, watu wanakimbilia upande mmoja. Na kitu kinachoweza kuzimisha motere nzima ni kipande cha mpira cha mita mbili ao tatu: tiyo inayotoa esanse ku bidoni na kuipeleka ku motere.

Tiyo inayonyonya haidondoshi

Wengi wanafikiri kwamba tiyo mbaya utaiona inadondosha. Kwa motere za kufunga nyuma ya boti, haiko hivyo kila mara. Bidoni iko chini, motere iko juu, na pompi ya motere inavuta esanse sawa mtu anavyonyonya pombe kwa mrija. Mrija wenye tundu haumwagi pombe, unaingiza hewa. Boti ikienda polepole kando ya bandari, esanse kidogo inayofika inatosha. Kapita akiongeza mwendo kule mbele, haitoshi tena: motere inakohoa, kiisha inazimika. Kuko pia tiyo ambazo ngozi yake ya ndani inabanduka. Kwa nje inaonekana nzima, kumbe ndani njia imeziba.

Hasara haiishi hapo. Kwa motere ambazo oili inachanganywa ndani ya esanse, esanse ikipungua na oili inapungua. Pistoni inapata joto kali na kukwama. Hivi tiyo ya bei ndogo inaua motere ya bei kubwa.

Halafu kuko moto. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unashuka chini ya mbao, pale maji ya kukamua yanapokaa, na unangoja. Sigara moja, mbabula moja, cheche ya batri, inatosha. Mwezi wa Aprili 2025, boti ya mbao HB Kongolo iliungua ku mto Kongo karibu na Mbandaka. Taarifa zilisema moto ulianza mtu akipika ndani ya boti. Pale shida haikuwa tiyo. Lakini tuliona vile moto unavyokwenda mbio mu mbao zilizojaa watu, bila pa kukimbilia. Boti zetu nazo ni za mbao.

Tiyo gani inadumu

Kosa la kwanza ni tiyo ya maji, ile nyeupe inayoonyesha ndani. Inapendwa kwa sababu ni rahisi na unaona esanse ikipita. Lakini esanse inaondoa kile kinachoifanya iwe laini. Inageuka njano, inakauka sawa mfupa, inasinyaa, inateleza kwenye kiungo. Kosa la pili ni kufunga tundu kwa mpira wa ndani wa pine: mpira ule ukikutana na esanse unavimba na kulegea. Kosa la tatu ni kukaza kiungo kwa waya. Waya inakata mpira. Kinachofaa ni kolie ya chuma kisichoshika kutu.

Tiyo iliyotengenezwa kwa boti ni mpira mzito wenye tabaka, na maandishi yamepigwa juu yake. Ukisoma ISO 7840, ao SAE J1527 pamoja na alama A1, ujue imepimwa kwa moto na inapaswa kuvumilia dakika mbili na nusu. Hiyo njo inahitajika pale motere ya esanse inakaa ndani ya boti, mahali palipofunikwa. Alama B1 inaonyesha tiyo inayovumilia esanse kukaa ndani yake muda wote, lakini haikupimwa kwa moto. Kwa motere ya nyuma yenye bidoni yake, inafaa.

Ku masoko yetu maandishi peke yake hayatoshi, kwani hata maandishi yanaigwa. Kabla ya kununua mita nyingi, nunua kipande kifupi. Kikate mara mbili, weka kimoja ndani ya chupa ya esanse iliyofungwa vizuri, mbali na moto na watoto, kwa juma moja. Kiisha linganisha. Kilichovimba, kilichokauka ao kilichogeuza rangi ya esanse, kikatae.

Upana nao usiupunguze. Motere nyingi za kadiri ya 40 zinatumia tiyo ya milimita 8 kwa ndani. Kubwa zaidi zinataka 10. Ku Kivu kuko sababu nyingine ya kuangalia: ziwa liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na esanse inageuka mvuke upesi ndani ya tiyo iliyopigwa na jua. Ifunike. Kama tiyo ya boti inakosekana kabisa, ya esanse ya gari, yenye uzi ndani ya mpira, ni bora kuliko ya maji. Lakini iwe ya muda tu.

Nani analipa?

Hapa njo kuko kiini cha shida. Mwenye boti anabaki ku nchi kavu akihesabu safari. Kapita njo anasikia harufu, lakini akikataa kuondoka, kesho kuko kijana mwingine ku nafasi yake. Msafiri hajui kitu, na yeye njo analipa kwa maisha. Ongeza vita, malipo ya kila bandari, na esanse ya Kadhafi ambayo mara inachanganyika na maji ao uchafu: tiyo inaahirishwa kila juma.

Bandarini, wakaguzi wanaweza kuongeza dakika tano. Wapitishe kitambaa kikavu juu ya tiyo yote. Kikinuka esanse, boti isiondoke. Wakamue pwari, ile pompi ya mkono iliyo katikati ya tiyo, mpaka iwe ngumu. Ikilegea upesi na motere imezimwa, kuko mahali panapovuja ao pwari yenyewe imekufa. Hakuna mashini, hakuna makaratasi.

Tunajua jibu la wasomaji wengi: munawapa sababu mpya ya kutuomba pesa. Hofu hiyo iko na msingi. Njo maana kipimo kifanyike mbele ya wasafiri na wajumbe wa wenye boti, na adhabu iwe moja tu: kubadilisha tiyo, kiisha boti inaondoka. Ikigeuka faini, kapita ataficha tiyo badala ya kuitengeneza, na sisi wote tutarudi palepale.

Wewe unayepanda kesho asubuhi, bado uko na nguvu kidogo. Kabla ya kukaa, inama upande wa bidoni na unuse. Uliza kapita: tiyo hii ni ya lini? Kuko nyingine ya akiba pamoja na pwari yake? Kuko kasia? Watu watatu wakiuliza hivyo kila safari, mwenye boti atasikia. Na jile yako, uivae kabla motere haijawashwa, siyo kiisha kuzimika.