Boko boko si kazi ya mama peke yake

Hapa Pickering, mashariki ya Toronto, mwanzoni mwa Januari jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nje theluji, upepo wa Ziwa Ontario unakata masikio, na mtu unatamani kitu kimoja tu: sufuria inayochemka jikoni. Kwetu sufuria hiyo ni ya boko boko. Jamaa zetu wa Muscat na Abu Dhabi wanaliita harisi.

Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Kwa miaka 37 alinipikia boko boko, wala sikuwahi kumuuliza ngano inalowekwa muda gani. Mimi, mwalimu wa kemia niliyewafokea wanafunzi kwa kutopima vizuri, nilikaa sebuleni nikingoja sahani.

Baridi ya mwaka jana nikajaribu mwenyewe. Nikampigia shemeji yangu Muscat.

"Shemeji, ngano vikombe vingapi?"

"Kiasi tu, shemeji."

"Na samli?"

"Mpaka uone imetosha."

Wallahi, mwanafunzi akinijibu hivyo kwenye mtihani nampa sifuri! Sufuria ya kwanza iliungua, ya pili ikawa uji. Ya tatu, mjukuu wangu wa miaka 11 akashika daftari, tukapima kila kitu: ngano iliyokobolewa vikombe 2, ilowekwe usiku kucha, nyama nusu kilo, maji vikombe 10, mdalasini kijiti kimoja, bizari nyembamba na chumvi. Moto mdogo kwa saa 3, kisha unaliponda kwa mwiko mpaka livutike. Juu yake samli ya moto na kitunguu cha kukaanga.

Akaonja, akasema, "Babu, hili ndilo la bibi." Nikageuka, nikajifanya naosha mwiko.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza harisi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Nilifurahi. Lakini orodha haipiki. Katika nyumba zetu nyingi ujuzi huu uko kwenye mkono wa mama mmoja mzee, au wa mtumishi ambaye mkataba wake ukiisha anarudi kwao. Mkono huo ukiondoka, watoto wanabaki na jina la chakula tu.

Wapo watakaosema mwanamume wa heshima haingii jikoni. Katika sekondari ya misheni niliyosoma, wavulana tulipika kwa zamu, Waarabu, Wamijikenda na Wataita, na hakuna aliyepungukiwa heshima. Tuliporudi makwetu tukasahau, kwa sababu kusahau kulitufaa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mapishi ya nyumbani yapimwe, yaandikwe, na yafundishwe watoto wote, wa kike na wa kiume. Tusingoje msiba.

Wewe uliye Muscat, Dubai au Doha, na mama yako yu hai, ingia naye jikoni Ijumaa hii. Chukua kikombe cha kupimia na kalamu. Akikwambia "kiasi tu", mwombe akimimine kwanza kikombeni, uandike.

Mimi mwenzenu nilichelewa. Alikuwa hapo jikoni, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu, na sikuinuka.