Pesa Iende kwa Simu, Macho Yaende Yenyewe

Ramadhani ikifika kumi la mwisho, simu za Garsen hujaa picha. Ni picha za leso, madira na viatu vya watoto, zimepigwa kwenye maduka ya Mombasa na kutumwa kwa WhatsApp. Chini yake kuna maneno: "Mama, mzigo mpya umefika, tuma pesa nikufungie." Bei ni nzuri na rangi zinang'aa. Huna haja ya kuamka alfajiri wala kusukumana stejini. Unatuma pesa, mzigo unapakiwa kwenye basi, unaupokea Minjila. Rahisi, si ndio?

Sisi tunaofanya kazi ya pesa za simu ndio tungetarajiwa kushangilia. Lakini leo tunasema jambo ambalo pengine hukutarajia kulisoma hapa: usiache kusafiri. Kama mzigo ni mkubwa na muuzaji humjui, panda gari uende.

Somo hili tulilipata Ramadhani iliyopita. Wawili wetu, mmoja akiwa mzaliwa wa Garsen, tulifuatana na mama mmoja mfanyabiashara hadi Mombasa. Hakutaka jina lake litajwe, kwa hivyo tutamwita Mama, kama tulivyomwita safari nzima. Alikuwa na shilingi 60,000 kwenye simu. Na hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za chama cha akina mama kumi, kila mmoja katoa 6,000, wengine wakiwa wameuza maembe ya shambani kando ya Mto Tana. Mzigo ukiharibika, nyumba kumi hazina Idd.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, unavuka Sabaki, unapita Malindi, halafu Kilifi. Mama alilala karibu njia nzima. Tulipomtania, alisema, "Wanangu, zamani pesa nilizifunga kiunoni ndani ya leso. Mtu akinigusa tu naona ameshaziona. Sikuwahi kupata usingizi kwenye hii barabara." Kwa kweli hiyo ndiyo sifa tunayojivunia zaidi. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ianze Kenya mwezi Machi 2007, faida yake moja isiyosemwa sana ni usingizi wa msafiri.

Lakini simu nayo ina balaa zake. Kuna sehemu kati ya Garsen na Malindi ambako mtandao unapotea na kurudi, na simu inayotafuta mtandao hula chaji vibaya sana. Tulipofika Mwembe Tayari, ya Mama ilikuwa na asilimia 9. Jua kali, koo zimekauka kwa saumu, na kabla hatujatua miguu vijana wanne wameshashika mfuko mmoja, kila mtu anataka kuubeba.

Katikati ya vurugu hiyo simu ikalia ujumbe: amepokea 4,500. Dakika haijaisha, kijana akapiga. "Mama shikamoo, samahani sana, nimekutumia kimakosa, ni pesa ya dawa ya mtoto." Mama akaanza kubonyeza ili amrudishie. Tukamwambia, "Mama, ngoja, tazama salio kwanza." Salio halikuongezeka hata shilingi. Ule ujumbe ulitoka kwa namba ya mtu, haukutoka kwa jina la huduma. Bila shaka angeujua akiwa ametulia nyumbani. Jijini, akiwa na joto na haraka, karibu umponyoke.

Tukaenda Biashara Street, kwenye lile duka la picha. Leso zilikuwepo, rangi ni zile zile. Mama akashika moja, akainyoosha kwenye mwanga. Nyepesi. Pindo la upande mmoja limeingia ndani kuliko la upande wa pili. Akalowesha kidole, akasugua pembeni, kidole kikatoka chekundu. "Hii itachuja kabla mtu hajaivaa mara mbili," akasema, akairudisha mezani polepole, tukatoka.

Hebu tuseme angetuma zile 60,000 akiwa Garsen. Wengi hutuuliza: si mngemrudishia? Jibu la kweli ni kwamba isingekuwa rahisi. Ukikosea namba, ripoti papo hapo, na kama aliyepokea hajazitoa pesa, kuna nafasi nzuri ya kuzipata. Lakini ukimlipa mtu uliyekusudia kumlipa na mzigo ukawa mbovu, kwa mtambo huo ni muamala uliokamilika. Mtambo unajua pesa zimefika. Unene wa kitambaa haujui.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Mama akasugua tena, kidole kikatoka kikavu. Bei ilianza 650 kwa pea, ikaishia 600, kwa pea 80. Hapo ameokoa 4,000, na zilitosha nauli yake ya kwenda na kurudi pamoja na gharama ya mzigo. Kwa picha ya WhatsApp ungepunguziwa hivyo na nani?

Wakati wa kulipa, simu ikazima. Tukasimama dakika ishirini tukiazima chaja huku wateja wengine wakituangalia. Ilipowaka, Mama akaingiza namba ya malipo ya duka, na jina lililojitokeza si lile la kibao cha mlangoni. Hakuweka namba ya siri. "Mzee, huyu ni nani?" Mzee akacheka, "Ni mwanangu, biashara imeandikishwa kwa jina lake." Akamwita kijana, tukathibitisha, ndipo pesa zikaenda. Mzee hakukasirika. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimuuliza.

Jioni tulifuturu mjini: tende, mahamri na mbaazi, viazi karai, kisha kahawa chungu na kashata. Upepo wa bahari ukaanza kuingia, na Mama, aliyelalamika jiji hili tangu asubuhi, akaomba kikombe cha pili. Mzee alikuwa amemwongezea pea moja ya zawadi, na alikuwa ameishikilia mapajani kama mtoto.

Tunajua wako watakaosema safari ni kupoteza siku na nauli. Na kuna nyakati safari haiwezekani kabisa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, wafanyabiashara wa huko hawakuwa na hiari. Lakini fikiria: siku kama hiyo utaagiza kwa nani? Mama sasa anaweza kumpigia yule mzee na kutuma pesa bila wasiwasi, kwa sababu alishika leso zake kwa mkono. Safari moja ndiyo inayokupa haki ya kuagiza kwa simu mara nyingine.

Tukubali pia kwamba na sisi watoa huduma tuna deni. Jumbe nyingi za pesa bado huja kwa Kiingereza, na mtu aliye juani na mzigo begani hana muda wa kutafsiri. Ni haki yako kutudai Kiswahili.

Kabla hujapanda gari, basi:

Beba pawabenki, au zima simu unapopita sehemu zisizo na mtandao.

Usibebe mtaji wote kwenye laini moja. Acha sehemu kwa mweka hazina wa chama, akutumie ukishaona mzigo. Kikomo cha salio kilipanda hadi 500,000 mwaka 2023, lakini kuruhusiwa kubeba si kulazimishwa.

Chukua kitambulisho chako halisi. Bila hicho wakala hatakutolea pesa, na hapo jijini hakuna anayekujua.

Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, tazama salio lako mwenyewe. Usijibu ukiwa unatembea.

Soma jina kabla ya namba ya siri. Likikushangaza, uliza.

Weka pesa taslimu kidogo za hamali, tuktuk na kahawa.

Kesho yake Minjila akina mama tisa walikuwa wanangoja kando ya barabara. Mzigo ulifunguliwa pale pale. Mmoja akalowesha kidole, akasugua pembeni, akakitazama.

Safari njema, na Idd yenu iwe ya heri.