Uliza pasipoti kwanza, ramani baadaye

Wiki iliyopita niliijaribu programu moja ya kupanga safari. Nikaandika: Lisbon, siku 3, natoka Nairobi. Sekunde chache tu, ratiba hiyo! Jumapili vichochoro vya Alfama. Jumatatu Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos alikozikwa Vasco da Gama (ndiyo, yule yule wa nguzo ya Malindi). Jumanne kununua zawadi. Safi kabisa, ila Jumatatu monasteri hiyo hufungwa.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba haikuniuliza nina pasipoti ya nchi gani.

Mfaransa hukata tiketi Alhamisi, Ijumaa yuko angani. Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu hutarajiwa ndani ya siku 15, lakini linaweza kuvutwa hadi 45. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Kwa matembezi ya siku 3, hizo ni euro 30 kwa siku kabla hujaonja hata kahawa yao. Bado bima ya kulipia matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na alama za vidole (ambazo, wengi hawajui, hutumika tena kwa miezi 59).

Halafu kuna lile tatizo ambalo sisi waandika programu tunalijua sana: A inamsubiri B, B inamsubiri A. Kununua tiketi bila viza ni kamari. Kuomba viza bila kuonyesha mpango wa ndege na hoteli ni kazi bure. Dawa yake ni kushika nafasi zinazofutika bila gharama, ukalipa viza ikishatoka. Kwenye programu hiyo ni mistari michache tu. Aliyeitengeneza hii sidhani kama amewahi kuihitaji.

Jamani, vijana wa Ngong Road na Westlands, hii ni kazi yetu. Vivutio tuwaachie Google. Tutengeneze kitu chenye kisanduku cha kwanza kimoja: pasipoti. Kihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari, kiweke zile siku 45 na muda wa kungoja miadi, kisha kiseme wazi: unataka Lisbon mwanzoni mwa Desemba, anza Septemba. Na kama umeshachelewa, kikupe Kigali, ambako Mkenya huingia na kitambulisho chake cha taifa.