Mzimu si Hekalu

Wafasiri wa Kiswahili wamezoea kukivika kila kitakatifu cha ugenini kanzu moja: hekalu. Nyumba ya ibada ya Wahindu katika Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, ni hekalu. Ya Wabudha, katika jiji lilo hilo, ni hekalu. Na jinja, ambako Wajapani hukutana na wale wawaitao kami, nayo imekuwa hekalu. Kwa mbili za kwanza hapana ugomvi. Kwa ya tatu neno hilo ni kosa, na kosa lenyewe si la kutoijua lugha, bali la kuionea haya.

Jinja aghalabu haikuanza na nyumba. Kilichotangulia ni mahali: mti mkongwe, jabali, maporomoko ya maji, au mlima mzima. Mti hufungwa kamba ya mabua ya mpunga yenye vipande vya karatasi nyeupe, ijulikane kwamba hapo pana mwenyewe. Kisha hutengwa mchele, chumvi, maji na pombe. Hata jinja kuu ya Ise, makao ya Amaterasu, mungu wa jua, haijengwi ili idumu. Hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Kinachodumu ni mahali na ada yake. Nyuma ya hayo kuna kisa kilichoandikwa katika Kojiki mwaka 712: Izanagi na Izanami walisimama juu ya daraja la mbinguni, wakaikoroga bahari kwa mkuki, matone ya maji ya chumvi yakadondoka kutoka ncha yake, yakaganda, yakawa kisiwa. Mtu wa visiwani, aliyekwisha kuona chumvi ikiganda juani, hana haja ya kufasiriwa hilo.

Sasa na litazamwe soko la Kariakoo. Ubani, marashi, kaniki, vitambaa vyeupe na vyekundu huuzwa mchana kweupe, na auzaye anajua kwamba si vyote vinavyoishia nyumbani kwa mnunuzi. Vingine huenda kufungwa mbuyuni au kutengwa pangoni. Mahali hapo pana jina, nalo ni mzimu. Kwa matumizi ya kale, mzimu ni mahali pa kutambikia. Na Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, alipoiita riwaya yake ya mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa akitaja mahali panapofikika kwa miguu, si kivuli cha maiti. Leo kijana akilisikia neno hilo hukumbuka filamu za kutisha tu.

Wazaramo, wenyeji wa ardhi liliposimama jiji, walikuwa na mahali palipopita pote kwa heshima: pango la Kolelo, kule milima ya Uluguru, mbali na pwani. Masimulizi yasema humo alikaa nyoka mkubwa aliyemtwaa mwanamke awe mkewe, na ukoo wa mwanamke huyo ukawa watumishi wa pango. Watu walikwenda kuomba mvua. Mwaka 1905, siku za Maji Maji, zikaenea habari kwamba Kolelo amekataza kuwalipa Wajerumani kodi. Na aliyeyaandika mengi ya hayo ni mmisionari, Martin Klamroth, tena kwa Kijerumani! Kojiki iliandikwa na Wajapani wenyewe, kwa amri ya watawala wao. Tofauti ni ya kalamu, wala si ya utukufu.

Watatokea wa kusema: mzimu ni ushirikina, jinja ni dini. Nani aliyepima, na kwa mizani gani? Mwislamu ana haki ya kuyakataa yote mawili kwa hoja moja, na hoja hiyo yastahili heshima kwa kuwa haina upendeleo. Asiyestahili ni yule apigaye picha chini ya lango jekundu la Kyoto, akarudi akisifu ustaarabu wa Mashariki, kisha akipita penye mbuyu wa kwao akatema mate. Na jinja yenyewe si malaika: dola ya Japani iliitumia kumtukuza mfalme na vita vyake hadi mwaka 1945. Hapana mzimu wa Uzaramo uliowahi kubebeshwa jeshi la namna ile.

Kutaja si kuabudu. Washairi wa pwani wametaja majini na pepo kwa karne nyingi, na hakuna aliyewadai shahada upya. Neno hili likiachiwa wenye filamu, mshairi ajaye atakosa jina la mahali bibi yake alipopeleka ubani.

Magari yaliyotumika kutoka Japani hushushwa kwa wingi bandarini Dar es Salaam. Huko yalikotoka, madereva wengi hutundika ndani hirizi iliyochukuliwa jinja, kukinga ajali. Mojawapo ikisahaulika garini, fundi wa Gerezani ataijua kazi yake kwa kuitupia jicho mara moja, na huenda akauliza imetoka mzimu gani. Mfasiri ndiye atakayejitia kumsahihisha.